Siku boya lilipokula umeme badala ya kuutoa

Mota ya boya letu la kuvuna umeme wa mawimbi, hiyohiyo ndo jenereta yake, ilikuwa ya moto, ule moto wa kukufanya utoe mkono haraka. Aliyenionyesha ni dada fundi wa tanki la mawimbi, mi nlikuwa nimekaa kwenye kompyuta naangalia grafu zangu na nimefurahi kwelikweli maana boya lilikuwa linapanda na kushuka kuliko siku zote, mwendo mkubwa, umetulia, unakwenda na wimbi vilevile kama nilivyouona kwenye simulesheni. Akaniita, "Kaka, hebu njoo ushike hapa." Nikashika. Akasema, "Hii mota ndo inalichezesha boya, wimbi linasindikiza tu."

Nikarudi kwenye mita ya umeme, ambayo nlikuwa siiangalii kwa sababu nlikuwa na uhakika itasema nini, nikakuta inasoma hasi. Yaani mfumo mzima ulikuwa unavuta umeme kutoka ukutani ili kulisogeza boya ambalo kazi yake pekee duniani ni kutoa umeme.

Ntaeleza tulifikaje hapo na tulitokaje, maana miezi iliyofuata ndo nimejifunza karibu kila ninachokijua kuhusu kontrola ya utabiri, yaani programu inayoiongoza mota kwa kukadiria wimbi linalokuja, wenyewe kwenye fani tunaiita MPC tu (model predictive control), na naona wanaoanza leo wanapita njia ileile na kuumia palepale.

Kwanza kwa nini boya lihitaji kontrola kabisa. Boya linaloelea lina mpigo wake wa asili, ulididimize kidogo uliachie, litapanda na kushuka kwa muda wake wenyewe bila kuuliza mtu. Boya dogo mpigo wake ni mfupi, tuseme sekunde 3 au 4, wakati mawimbi marefu yenye nishati ya maana yanakuja kila sekunde 8, 10, hata 12. Sasa hapo boya linafuata tu maji, maji yakipanda linapanda yakishuka linashuka, na kasi yake haiendi sambamba na msukumo wa wimbi, msukumo unafika kileleni wakati boya limefika juu limesimama. Nishati unayoipata kila nukta ya wakati ni msukumo mara kasi, kwa hiyo msukumo mkubwa kwenye kitu kilichosimama ni sawa na mtu anayesukuma ukuta, jasho linamtoka na kazi haionekani. Dawa yake ni kufanya kasi na msukumo vifike kileleni pamoja. Hiyo ndo habari nzima ya kontrola ya mawimbi, mengine yote ni namna ya kuifikia.

Na zawadi iliyopo pale ni kubwa, ndo maana watu hawachoki. Bahari kuu yenye mawimbi mchanganyiko, kimo chake cha kitakwimu mita 2 na mpigo wa sekunde 8, inabeba kama kilowati 16 kwa kila mita moja ya upana wake. Alafu kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza sikuliamini, boya la mviringo linalopanda na kushuka, likiwa kwenye mpigo sahihi, kwa nadharia linaweza kuvuta nishati ya upana sawa na urefu wa wimbi ugawe kwa mara mbili ya pai. Wimbi la sekunde 8 kwenye kina kirefu lina urefu wa karibu mita 100, ugawe kwa 6.28 unapata mita 16. Boya lenyewe linaweza kuwa na upana wa mita 5 tu! Linavuta kutoka pembeni yake kwa sababu likicheza vizuri linatengeneza mawimbi yake lenyewe yanayofuta yale yanayopita. Kivitendo hufiki huko, mwendo unaohitajika unakuwa mkubwa kuliko boya lenyewe, ila umbali kati ya boya linalofuata maji na boya lililoongozwa ni mrefu sana na ndo huo tunaoufukuzia.

Wazo si geni. Baada ya mafuta kupanda bei 1973 watu wengi waligeukia bahari, Stephen Salter kule Edinburgh akatoa makala yake kuhusu nguvu ya mawimbi 1974, na Wanorwei wawili, Kjell Budal na Johannes Falnes, wakiwa Trondheim wakaja na njia ambayo mi bado naiona nzuri mno kwa urahisi wake: boya likifika juu lishike, lizuie lisishuke, usubiri, alafu uliachie wakati wake, likifika chini fanya hivohivo. Kwa kulishika unaurefusha mpigo wake mfupi uendane na mpigo mrefu wa bahari. Lakini uliachie lini? Unatakiwa uliachie kama robo ya mpigo wake wa asili kabla msukumo haujafika kileleni. Kabla. Maana yake lazima ujue kilele kinakuja lini na bado hakijaja. Hapo ndo utabiri unapoingia, na huwezi kuukwepa, kontrola yoyote inayotaka kuvuta nishati ya juu kabisa inahitaji kujua kidogo ya mbele.

MPC inafanya hivi. Kila mdundo wa saa yake inaangalia boya liko wapi na linakwenda kasi gani, inakadiria msukumo wa wimbi wa sekunde kadhaa zijazo, inatumia modeli ya boya kujiuliza nikivuta hivi kutatokea nini, nikisukuma vile kutatokea nini, inachagua mfululizo wa kani za mota utakaoleta nishati nyingi zaidi bila kuvunja mipaka, yaani boya lisigonge mwisho wa reli inayoliongoza kupanda na kushuka na mota isiombwe kani isiyo nayo. Alafu inatumia ile kani ya kwanza tu, zilizobaki zote inazitupa, mdundo unaofuata inaanza upya na habari mpya. Nilipoielewa hii nikaona ni kitu cha haki kabisa, haijifungi na mpango wa zamani.

Sasa turudi kwenye mota ya moto. Kosa langu lilikuwa sentensi moja kwenye programu. Nliiambia kontrola ongeza kadiri uwezavyo nishati ambayo boya linaitoa kwenye maji. Sikuiambia ongeza umeme unaotoka kwenye waya. Nlidhani ni kitu kimoja, kumbe kati ya boya na waya kuna mota, na mota inakula njia zote mbili, ikipokea na ikitoa. Hebu tupige hesabu ndogo. Chukulia asilimia 80 ndo inayovuka kila upande. Boya likikupa jouli 10, kwenye waya zinafika 8. Sehemu nyingine ya mpigo kontrola inataka ulirudishie boya jouli 7 ili likae kwenye mdundo, na ili 7 zifike kwenye boya unatoa kwenye waya 8.75. Upande wa maji umepata 10 toa 7, faida 3, grafu inang'aa. Upande wa waya ni 8 toa 8.75, umepoteza 0.75, na hiyo pamoja na zile 3 za kwenye maji zote zimeishia kwenye koili kama joto, ndo ile aliyoishika dada fundi. Simulesheni yangu ilikuwa inanionyesha ile 3 tu.

Nikasema basi rahisi, naingiza ufanisi wa mota ndani ya fomula. Haikuwa rahisi. Fomula ya mwanzo ilikuwa kama bakuli laini lenye kitako kimoja, kikokotozi, yaani programu inayotafuta jibu la fomula, kinateleza mpaka chini kwa sekunde ndogo sana. Ukiweka ufanisi unaobadilika kutegemea umeme unaenda upande gani, inatokea kona pale kwenye sifuri na bakuli linavurugika, kikokotozi kikaanza kurukaruka, mara kinatoa kani hii mara ile, mara kinachelewa mpaka mdundo unaisha hakijajibu. Wiki karibu tatu nlikuwa nabadilisha vikokotozi nikidhani tatizo ni kasi ya kompyuta.

Aliyetutoa ni mwenzangu mmoja wa mambo ya umeme ambaye mawimbi wala hayamhusu. Akaniuliza swali la kawaida tu, hiyo mota yenu ina gia? Nikasema haina, imeunganishwa moja kwa moja. Akasema basi upotevu wenu mkubwa uko kwenye koili, na upotevu wa koili ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, na kwenye mota ya hivyo kani inakwenda sambamba na mkondo, kwa hiyo upotevu wenu ni kani kipeo cha pili mara namba moja tu, nendeni mkaipime. Nikabaki namtazama. Maana kani kipeo cha pili ni umbo lilelile la bakuli! Ukiliongeza kwenye fomula bakuli haliharibiki, linazidi kuwa bakuli, kikokotozi cha haraka kinarudi kazini, na kile unachokiongeza ni joto halisi la mota yako, hukukibuni ili hesabu ikubali. Tulipima ile namba mchana mmoja. Tulivyowasha, mwendo wa boya ukapungua, grafu zikawa hazivutii tena kama mwanzo, na mita ikapanda upande wa chanya ikakaa huko. Sijawahi kufurahia grafu mbaya namna ile.

Ila angalizo kwa wenye gia au mfumo wa mafuta ya haidroli, kwenu upotevu hauna umbo hilo, msichukue hii kama ilivyo, pimeni kwanza mashine yenu inapotezea wapi.

Baada ya hapo likaja la utabiri wenyewe. Kwenye simulesheni nlikuwa naipa kontrola wimbi la kweli la mbele, kwa sababu kwenye kompyuta wimbi lote unalo. Kwenye tanki huna. Na zaidi, msukumo wa wimbi hauna sensa ya kuupima moja kwa moja boya likiwa linacheza, unachopima ni jumla ya vyote, wimbi linalokuja, wimbi ambalo boya lenyewe limelitengeneza, maji yanayolishikilia, mota. Lazima uutenganishe kwa hesabu, ndo uutabiri. Mi data yangu ilikuwa na kelele nyingi nikaisafisha na kichujio cha kawaida, ikawa nyororo, nikaridhika. Kichujio kile kilikuwa kinachelewesha data kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Utasema sehemu ya kumi ni nini. Modeli yetu ilikuwa ya 1 kwa 20, na ukipunguza boya mara 20 muda unapungua kwa kipeuo cha pili cha 20, kama mara 4.5, kwa hiyo wimbi la baharini la sekunde 8 kwenye tanki ni sekunde 1.8. Sehemu ya kumi kwenye sekunde 1.8 ni digrii 20 za mpigo, mpigo mzima ukiwa digrii 360. Kontrola ambayo kazi yake yote ni kupanga wakati ilikuwa inapokea habari zilizochelewa digrii 20, alafu nashangaa kwa nini inasukuma pasipo.

Tulikitoa kile kichujio tukaweka kikadirio cha Kalman, ambacho ndani yake kina modeli ya boya na modeli ya wimbi, kwa hiyo kinajua kitu kinaelekea wapi na hakisubiri kukiona kimepita. Kelele ilibaki kidogo, haikutusumbua. Kwa utabiri wa mbele tulitumia njia rahisi kabisa, kuchukua msukumo wa sekunde zilizopita na kuupigia hesabu ya uzito kupata zinazofuata, na kwa mawimbi marefu yaliyopangika inafanya kazi vizuri kuliko unavyotegemea kwa sababu wimbi kama hilo lina kumbukumbu, lililopita linafanana na linalokuja. Bahari iliyochafuliwa na upepo wa hapohapo ni habari nyingine, kumbukumbu inaisha haraka, utabiri unaharibika kabla hata ya nusu ya mpigo.

Kitu ambacho kilinichukua muda kukikubali ni kwamba kutabiri mbali zaidi hakukutusaidia. Nlikuwa na imani kwamba tukiona sekunde nyingi zaidi tutapata umeme zaidi, nikapigania kuongeza sensa za kimo cha maji mbele ya boya. Tukajaribu, na kupita kama mpigo mmoja hivi hakukuwa na tofauti ya kueleweka. Nlipokaa kutafakari nikaelewa kwamba boya nalo lina kumbukumbu yake, maji yaliyotikiswa nalo yanalirudishia nguvu kwa muda alafu yanatulia, na kile unachokifanya sasa kinagusa mwendo wake kwa sekunde chache tu. Ya mbali zaidi ya hapo yatakuja kushughulikiwa na midundo ya mbele. Urefu wa utabiri unaouhitaji unaamuliwa na boya na mipaka yake kuliko bahari. Boya lenye upotevu mkubwa linahitaji kuona karibu, boya laini lisilopoteza linahitaji kuona mbali.

Habari ya reli sasa, maana hapo tulivunja kitu. MPC inaheshimu mipaka, ila inaiheshimu kwenye utabiri wake. Siku moja wimbi lilikuja kubwa kuliko lilivyotabiriwa, boya tayari limekaribia mwisho wa reli, kikokotozi kikatafuta kani itakayolizuia ndani ya uwezo wa mota kikakosa, kikarudisha jibu tupu. Na programu yangu jibu likiwa tupu ilikuwa imeandikwa iendelee na kani ya mwisho. Kani ya mwisho ilikuwa inasukuma juu. Boya likaenda kugonga mwisho wa reli kwa nguvu zake na za mota pamoja, kishikizo kikapasuka, siku mbili za tanki zikapotea na siku za tanki zinahesabiwa. Toka siku hiyo ule mpaka wa reli unaruhusiwa kuvukwa kwa adhabu kali ndani ya fomula badala ya kuwa ukuta, tukaacha nafasi kabla ya mwisho wa kweli, na kikokotozi kikikosa jibu mota inarudi kuwa breki tu, kani kinyume cha kasi, kitu kisichoweza kumdhuru mtu. Mi naona hii ya breki iandikwe kabla hujaandika mstari wowote wa MPC.

Kuna jambo lingine linaloniuma kidogo nikisoma kazi za watu. Modeli tunayotumia ndani ya kontrola ni ya mstari ulionyooka, imejengwa kwa dhana kwamba boya linatembea kidogo, mizizi yake ni mlinganyo wa Cummins wa 1962 kuhusu mwendo wa meli kwenye mawimbi na ni kazi nzuri sana. Lakini kontrola kazi yake ni kulifanya boya litembee sana. Ikifanikiwa inalitoa boya nje ya dhana iliyoijenga, umbo linalogusana na maji linabadilika, maji yanalikwaruza kwa kasi kipeo cha pili, na ile faida uliyoiona kwenye kompyuta inayeyuka hapo. Kwa hiyo ukiona simulesheni inakuahidi makubwa, angalia kwanza boya limetembea kiasi gani kulinganisha na kimo chake.

Na tanki lenyewe lina mitego yake. Kwa 1 kwa 20 kani unazidisha mara 8,000 na nguvu ya umeme karibu mara 36,000, yaani wati 1 ya kwenye tanki ni kama kilowati 36 baharini. Msuguano wa reli haufuati hiyo kanuni. Beringi iliyokaza kidogo inaweza kukuonyesha kontrola mbovu kumbe kontrola haina shida, au kinyume chake ukaisifu kontrola kwa kitu kilichofanywa na mafuta mapya ya beringi. Tulianza kupima msuguano kila asubuhi kabla ya kuwasha mawimbi.

Mwisho wa majaribio ya tanki tulipata tulichokifuata. Kwenye mawimbi marefu, yaliyo mbali na mpigo wa boya, kontrola ya utabiri iliishinda breki vizuri, umeme wa kwenye waya, siyo wa kwenye maji. Kwenye mawimbi mafupi yaliyokaribia mpigo wa boya faida ilikuwa ndogo sana, na hiyo ni haki kwa sababu pale boya liko kwenye mdundo tayari, breki iliyopangwa vizuri inatosha. Nimesema iliyopangwa vizuri kwa makusudi. Ni rahisi mno kuipa breki namba moja ya kudumu kwa bahari zote alafu ukaishinda na kushangilia. Mi nliipanga breki upya kwa kila bahari kabla ya kulinganisha, faida yangu ikapungua kwenye karatasi, na naomba kila anayeandika afanye hivohivo, vinginevyo hatujui tunazungumzia nini.

Sasa hivi niko kwenye mawimbi ya pande mbili, marefu yanatoka huku na ya upepo yanatoka kule, yanakatiza juu ya boya. Kikadirio kinayaona kama wimbi moja lililochanganyikiwa. Tumebandika sensa za presha kuzunguka tumbo la boya tuone kama tunaweza kuyatenganisha kabla ya kutabiri, na dada fundi ameshaniambia mbili kati yake zinaingiza maji, kesho tunalitoa boya tuanze kuzifunga upya.